Changarawe Niliyoipata Bure

Siku ya kuniaga kazini mlinipa kipaza sauti, nikasema maneno mawili matatu, nikashukuru, nikakaa. Ukweli ni kwamba wali ulikuwa unapoa, na mtu mzima haongei sana mbele ya wali. Lakini yule dada mliyempangia visima vya upande wa Marambo baada yangu alinifuata pale kwenye viti, akaniuliza: "Mzee Nandonde, ule mchanga wa kule unazuiwaje?" Nikamwambia nitamwandikia. Basi haya ndiyo maandishi, na wengine mnaweza kusoma. Vyeo nilivyopata na nilivyokosa siviandiki humu, maana havichuji maji.

Nilianza kazi Nachingwea nikitokea kwetu Ruangwa, nina cheti cha ufundi kwenye bahasha na viatu vya kung'aa miguuni. Nikakabidhiwa kwa mchimbaji mmoja aliyeitwa Mchopa, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma zamani. Mimi Mmwera, kwa hiyo alikuwa mtani wangu, na mtani hana huruma. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Hivi vinakwenda kuchimba au vinakwenda kuposa?"

Watu wote wakacheka. Nilichimba siku ile peku, na viatu nikavivaa tena jioni wakati wa kurudi.

Saa nne asubuhi, siku hiyohiyo, Mchopa akaniwekea mchanga mkononi, mchanga mbichi uliotoka kwenye ndoo. "Weka mdomoni," akasema. Nikadhani ni utani mwingine. "Weka! Tafuna." Nikatafuna. Akaniuliza unasikiaje. Nikasema unalia. "Unalia kama nini?" Akanieleza kwamba mchanga mzito unavunjika kati ya meno, ule laini unakwaruza tu, na udongo unateleza kama uji wa muhogo. Macho, alisema, yanadanganywa na rangi, lakini meno hayajui rangi. Nimetafuna mchanga wa wilaya mbili kwa miaka yote ya kazi yangu, na daktari wa meno alipowahi kuniuliza nakula nini, nilimwambia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua wengine mmefika ofisini mkijua mashine ya kuchimbia tu. Kwenye ardhi ya mchanga legevu ukitoa ndoo moja zinarudi mbili. Ukuta haukai. Kwa hiyo unatumia makaravati, yale mapete makubwa ya zege. Unaweka moja juu ya ardhi, unaingia ndani yake, unachimba chini ya ukingo wake kuzunguka, nalo linashuka kwa uzito wake lenyewe. Likizama, unaweka jingine juu yake. Kinachohitajika ni subira na timazi. Upande mmoja ukishuka haraka kuliko mwenzake, karavati linainama na kukwama, na likikwama hata mngekuwa wanaume ishirini mtabaki mnatazamana.

Mkifika kwenye maji ndipo kazi ngumu inaanza. Mchanga wa chini ukilowa unatembea. Unapanda kutoka kitako cha kisima pamoja na maji, taratibu, na baada ya miezi michache kisima chenye maji ya kina cha mtu na nusu kinabaki na maji ya kisigino. Kwa hiyo kitakoni unalaza chujio: tabaka za changarawe, kila tabaka na ukubwa wake.

Tabaka hizo mimi nilizipanga kichwa chini mara ya kwanza. Shuleni tulifundishwa kichujio cha ndoo, ambapo mchanga laini unakaa juu na kokoto chini, maji yanamiminwa kutoka juu. Nikafanya hivyohivyo kisimani, kwa fahari, nikapanda ngazi nikijipangusa mikono. Mchopa akainama akachungulia.

"Mtani, maji ya kisima hiki yanatoka mbinguni?"

"Hapana, mzee. Yanatoka chini."

"Haya. Sasa nani anamzuia nani?"

Nikaelewa nikiwa nimesimama palepale, na aibu ikanishika hadi masikioni. Maji yanakuja kutoka chini yakiwa yamebeba mchanga, kwa hiyo kitu cha kwanza kukutana nao lazima kiwe changarawe ndogo kabisa, na juu yake ya kati, na juu kabisa ile kubwa ya kukandamiza wenzake. Nilitoa changarawe yote kwa ndoo. Ilinichukua siku mbili, na Mchopa alikaa juu akivuta kiko wala hakunisaidia hata kidogo.

Alinifundisha pia kipimo cha kopo. Unachukua kopo la maziwa, unalitoboa matundu chini, unaweka changarawe unayotaka kuitumia, na juu yake mchanga wa kisima chenyewe. Unamimina maji na kukinga kwa sahani nyeupe. Mwanzo yatatoka machafu, usiogope. Yakiendelea kutoka na mchanga, changarawe yako ni kubwa mno. Yakigoma kupita, ni ndogo mno au ina udongo. Yakitoka safi na kwa kasi, nenda kalale. Na kisima kipya msikivute kwa pupa. Wiki ya kwanza vuta kidogo kidogo mchanga ujipange, hata kama wananchi wanapiga vigelegele na mheshimiwa anataka kupigwa picha akipampu.

Mchopa alistaafu akarudi kwao Newala, na miaka michache baadaye tukapata habari za msiba. Mimi nikawa ndiye mzee wa visima vya mchanga. Nilichimba vingi, vingine vizuri, na vilivyoniharibikia nimewaambia mara nyingi ofisini. Ila kuna kimoja ambacho mmekisikia kwa masimulizi ya watu wengine tu, na wengi wenu mmecheka. Leo nakisimulia mwenyewe.

Kilikuwa kwenye kitongoji kimoja mbele ya Marambo. Ardhi ya pale ni mchanga mtupu, wa kufaa mihogo na ufuta. Kisima cha kwanza, ambacho hakikuwa changu, kilikuwa kimejaa mchanga mpaka pampu ikatafunwa. Wanawake wakarudi mtoni. Mto wenyewe kiangazi ni mchanga mkavu, wanachimba vishimo na kuchota kwa kata, ng'ombe wanapita humohumo, na watoto wanaharisha.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Bi Somoe, mjane mwenye shamba kubwa la ufuta na sauti ya kutosha mashamba mawili. Yeye ndiye aliyekwenda ofisini kwetu mara kwa mara mpaka mlinzi akawa anamwita shangazi. Aliishi na binti yake, Rehema, aliyekuwa na ujauzito wa kwanza. Bi Somoe aliniambia wazi siku ya kwanza: "Fundi, mimi nataka mjukuu wangu aogeshwe maji ya bomba, si maji ya mkojo wa ng'ombe. Umenisikia?" Nikamwambia nimesikia.

Makaravati yalishuka vizuri. Tatizo likawa changarawe. Iliyokuwa karibu ilikuwa na udongo mwekundu, lazima ioshwe, na kuosha changarawe kunataka maji mengi, na maji ndiyo hayo tuliyokuwa tunayatafuta. Niliumiza kichwa siku tatu. Makaravati yamekaa, kitako kiko wazi, mchanga unapanda kila siku na sisi tunautoa.

Siku ya nne nilikwenda na lori la ofisi kupeleka mabomba Nanganga. Tulirudi tupu kupitia Ruangwa, na njiani tukapita kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Sitayataja jina, maana kosa si lao. Pale pembeni nikaona chungu ya changarawe nyeupe, imeoshwa, imechekechwa, saizi moja kama imechaguliwa na mtu. Nikamwambia dereva simama.

Mchimbaji mmoja akasema, "Chukua tu, mzee. Unatupunguzia takataka."

Dereva wetu, Kasembe, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliangalia chungu ile, akaangalia mabeseni yaliyokuwa jirani yake. "Hapa si ndipo wanapokamatia dhahabu kwa zebaki?"

Nikamjibu, na jibu langu nalikumbuka neno kwa neno: "Changarawe hainywi zebaki, Kasembe. Pakia."

Nilitia moja mdomoni, nikaing'ata. Nilipima kwa kopo. Ilipita vizuri kuliko changarawe yoyote niliyowahi kuitumia. Nikailaza kitakoni, tukafunika kisima, tukafunga pampu, na maji yakatoka maangavu. Bi Somoe alicheza mbele za watu mpaka kilemba kikaanguka. Rehema akachota ndoo ya kwanza, kwa heshima ya tumbo lake. Nami nikanywa. Nilijiona fundi.

Ulipita mwezi na zaidi. Nilihitaji changarawe kwa kisima kingine, nikarudi kulekule na Kasembe. Tulipofika, kijana mmoja alikuwa amemaliza kukamua dhahabu yake kwenye kitambaa. Akanyanyua beseni lililobaki na maji ya kijivu, akatembea hatua nne, akayamwaga juu ya chungu ya changarawe. Alifanya hivyo kama mtu anayemwaga maji ya kunawia. Nikamuuliza siku zote mnamwaga hapo? Akasema, "Sasa tumwage wapi, mzee?"

Kasembe akarudi kwenye lori na kuliwasha. Angenisuta ingekuwa afadhali.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu wa kazi wakati ule. Hakuwa mtu mbaya, na ninataka mjue hivyo. Aliniuliza: "Una uhakika ile uliyochukua ilikuwa na zebaki?"

"Sina."

"Utawafungia watu maji kwa jambo usilo na uhakika nalo? Watarudi mtoni. Mtoto akifa kwa kuharisha, hapo utakuwa na uhakika?"

Tulikubaliana nichukue chupa ya maji na mfuko wa changarawe, vipelekwe maabara, tusubiri. Nilijifanya nimekwenda kukagua pampu, nikachukua sampuli, nikawasalimia watu, nikaondoka. Nilisubiri siku moja, mbili, tatu. Majibu ya maabara yanakuja kwa wiki, si kwa siku, na mimi nilikuwa nalijua hilo. Kila nikinawa mikono nyumbani nilimwona Rehema na ndoo yake. Mke wangu akaniuliza nani kafa.

Siku ya nne nikawasha pikipiki nikaenda.

Nilimkuta Bi Somoe uani anapepeta ufuta. Alifurahi, akaniwekea kigoda, akamwita Rehema alete chai. Rehema akaja na kikombe, tumbo limetangulia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, fundi." Nikaitikia marahaba, nikapokea chai. Nikaishika. Bi Somoe akawa anaongea juu ya bei ya ufuta, mimi nimeshika kikombe. Akaendelea, kisha akaacha ungo.

"Chai yangu leo ina nini?"

Nikatazama chini. Nikaona kikombe kimejaa vilevile kilivyoletwa, na utando juu. Nilikuwa nimejikinga mwenyewe kabla sijawaambia wao. Sijawahi kujichukia namna ile.

Nikamweleza yote, machimbo, beseni, maabara. Rehema alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Nilitegemea Bi Somoe apige kelele, maana kelele zake nilikuwa nimezizoea. Hakupiga. Akauliza taratibu:

"Umejua lini?"

"Siku nne zilizopita."

"Siku nne." Akahesabu kwa vidole, asubuhi na jioni. "Jumapili alikunywa. Jumatatu alikunywa. Jana alikunywa, na leo amekunywa, wewe ukijua. Fundi, yale ya mwezi mzima ulikuwa hujui, nayaacha kwa Mungu. Hizi nne nazidai kwako."

Nilisema nisamehe, mama. Akasema, "Nyanyuka, ukatoe mpini wa pampu. Mimi naita watu."

Mkutano ule siwasimulii wote. Nilitukanwa, na nilistahili. Mwanamume mmoja alisema nimelipwa na wachuuzi wa maji. Mwingine akasema zebaki ni uzushi, arudishiwe mpini wake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinitazama tu, na huyo ndiye aliyeniumiza. Mwishoni nikasema changarawe niliileta mimi, nitaitoa mimi, kwa mikono yangu, ila sina nyingine ya kuweka, kwa sababu ya karibu ina udongo na maji ya kuoshea hakuna.

Wanawake wakatazamana. Bi Somoe akasema, "Hakuna maji ya kuoshea?"

"Hakuna, mama. Ndiyo maana nilikwenda mbali."

"Kwa nini usichukue changarawe iliyoko kwenye maji?"

Jamani. Akanichukua na wenzake mpaka mtoni, kwenye kona ambapo mto unapinda. Pale chini ya mchanga kulikuwa na changarawe ya mto, imeoshwa na masika yote tangu dunia iumbwe, ina udongo kidogo tu wa kusuuza. Akanionyesha kishimo chake cha kuchotea. Nikachuchumaa nikatazama. Kitakoni alikuwa ametandaza changarawe, ndogo chini, kubwa juu, ili kata isikoroge mchanga. Wote walifanya hivyo. Mama zao walifanya hivyo. Nilikuwa nimepita kando ya vishimo vile mara nyingi nikivionea huruma, na wala sikuwahi kuinama.

"Kwa nini hukutuuliza?" Bi Somoe akasema.

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Mimi nilikuwa na cheti, kopo na meno. Niliona aibu kuuliza wanawake wenye kata.

Walichekecha wenyewe kwa machekeche ya ufuta na ya mtama, na kwa ungo. Saizi walizipa majina palepale: ya ufuta, ya mtama, ya mbaazi, ya korosho. Nimezipima baadaye kwa kopo, nyuma yao kwa siri, na sikukuta kosa. Nyinyi mtatumia vipimo vyenu vya milimita, sawa, lakini mkifika kijijini semeni ufuta, mtama, mbaazi, korosho, na mtaletewa kitu kilekile mnachokitaka.

Kutoa chujio kwenye mchanga unaotembea ni hatari kuliko kuliweka. Ukilitoa lote kwa pamoja mchanga unapanda kwa ghafla, na makaravati yanaweza kukaa vibaya na wewe ndani. Dada, hapa ndipo jibu lako lilipo, soma polepole. Usikaushe kisima. Acha maji yafike kifuani, maana uzito wake unaukandamiza mchanga. Gawanya kitako robo nne kwa vipande vya bati. Toa robo moja, laza tabaka mpya papo hapo, ufuta, mtama, mbaazi, korosho, ndipo uhamie robo nyingine. Humo ndani huoni kitu. Utapima kwa vidole vya miguu.

Robo ya tatu bati liliteleza. Nikasikia mchanga unanipanda, kisigino, muundi, goti, laini kama unga na mzito kama zege. Nikapiga kelele. Juu walikuwa wanaume wawili wa kwetu kazini, na kamba ilikuwa mikononi mwao, lakini nilipotolewa nikalala kwenye majani nikaona wanawake saba wameshika mkia wa ile kamba. Bi Somoe alikuwa wa mbele.

"Bado robo ngapi?" akaniuliza.

"Moja na nusu."

"Pumzika, uingie."

Nikaingia. Tulimaliza, tukavuta maji kwa siku nyingi tukiyamwaga. Changarawe ya zamani nikairudisha kwa lori kule ilikotoka, nikawaeleza wale vijana kwa nini, na wengine walinisikiliza. Mkuu wangu hakunipa adhabu. Alinipa barua yenye maneno makali, na hakuitaja tena. Kisha likaja lile jina, Mzee Zebaki, ambalo mlidhani silisikii likitajwa kwenye korido.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye sana. Maji: haikuonekana. Changarawe: ipo, kidogo. Wenzangu walinipongeza. Wakasema umeona, ulijitia presha bure. Nilisoma lile neno "kidogo" mara nyingi. Sikujua kidogo ni kiasi gani kwa mtu ambaye hajazaliwa, na niliowauliza kliniki walinijibu kwa upole kwamba nao hawajui.

Rehema alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Zuhura. Mzima, analia kwa nguvu. Nilipeleka sabuni na kitenge. Tangu hapo sikuwahi kupita upande wa Marambo bila kwenda pale. Siku zote nilikuwa na sababu: kupaka pampu grisi, kukagua sakafu, kutazama kama maji yana mchanga. Maji hayakuwa na mchanga. Nikimaliza nilikwenda uani kwa Bi Somoe na kumtazama mtoto. Alikaa lini? Alitambaa lini? Nilikuwa nimeambiwa zebaki inashika akili na masikio, kwa hiyo watu wakiangalia pembeni nilisogea nyuma ya mtoto na kupiga makofi mara moja, kuona kama atageuka. Aligeuka. Mara nyingine hakugeuka, na usiku huo sikula.

Akachelewa kusema. Watoto wa rika lake wanaimba, yeye ananyooshea kidole. Bi Somoe aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mjomba wake mtoto naye alichelewa hivyohivyo, na leo anauza maneno mnadani. Inawezekana. Sikuwahi kujua kama anasema vile kunifariji au kujifariji mwenyewe, na sikuthubutu kumuuliza.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda tena. Bi Somoe alikuwa shambani. Rehema alikuwa anatwanga, mtoto anacheza na vifuniko vya chupa chini. Nilisalimia, nikauliza habari za maji, nikazunguka taratibu mpaka nikawa nyuma ya mtoto, nikanyanyua mikono.

"Babu."

Mchi ulikuwa umesimama. Rehema ananitazama.

"Unadhani sikuoni? Tangu hajaota meno unampigia mwanangu makofi kisogoni."

Nikashusha mikono.

"Maji nilikunywa mimi," akasema. "Nimelia mimi, nikamaliza. Ana maneno yake machache, yanatosha kuombea ugali. Mengine yatakuja au hayatakuja. Lakini wewe kila ukifika unamtazama kama kisima kilichoingia mchanga. Ameanza kukukimbia, umeona? Ukija kumsalimia, njoo, hapa ni kwako. Ukija kumpima, babu, nakuomba usije."

Akarudi kutwanga. Nikakaa kwenye kigoda. Sikujua niifanye nini mikono yangu, nikaiweka chini ya mapaja na kuikalia. Machozi yalinitoka, na sikuyapangusa kwa sababu mikono nilikuwa nimeikalia. Nikatazama mbele tu, kwenye mihogo, muda mrefu. Sikumtafuta mtoto kwa macho.

Nikasikia kofi nyuma ya sikio langu. Dogo, la viganja viwili vyenye vumbi. Nikageuka kwa kushtuka, nikamkuta Zuhura amesimama nyuma yangu, mikono hewani, ananichunguza usoni kwa makini sana.

"Anasikia," Rehema akamwambia mwanawe, na mchi haukusimama.